Mshenga wa Mivanila

Walimwita Mshenga, na hakuwahi kumwozesha binadamu hata mmoja. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, alijitafutia mke mwenyewe. Mshenga alikuwa akiozesha maua, maana ua la vanila halijiwezi. Ndani yake mna dume na jike wanaoishi nyumba moja, katikati yao kipazia chembamba, na wasipokutanishwa hufa hivyo hivyo, majirani wasiosalimiana. Tena ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu. Jua likikaza limeshasinyaa. Basi kila msimu, kila asubuhi, aliingia shambani na mwiba wa mlimau, akanyanyua kipazia, akabonyeza kwa kidole gumba, akaenda kwa jingine. Harusi bila vigelegele.

Shida ilikuwa macho. Yalikuwa yameingia ukungu, akawa anaona dunia kama anachungulia sufuria inayochemka. Mwanawe alishamwambia, taratibu tu, huku akinywa chai: "Mama, siku ukiruka mstari mzima, shamba basi. Utakaa barazani upumzike."

Mshenga aliwahi kupumzika mara moja, alipovunjika mguu, na hakupenda. Shamba lile walilipanda yeye na marehemu mumewe, mti mmoja mmoja wa mbono wa kupandishia mivanila, na kukalishwa barazani akiwa mzima aliona ni kuzikwa kabla ya zamu yake. Akafunga mdomo. Vidole vilikuwa vinaona vizuri tu.

Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyomwambia kwamba shambani kuna mtu. Katika kila kichala yeye huozesha maua machache ya upande wa chini, ili maganda yaning'inie yamenyooka, na mengine huyaacha yaanguke. Sasa alipapasa akakuta hata ya juu yameshika, yamepinda kama kucha za kuku. Mvanila ukibebeshwa hivyo hutoa maganda membamba ambayo hakuna mpika keki wala mtengeneza marashi atakayeyataka, na mwakani unakauka. Mshenga alikasirika hadi masikio yakamwasha.

Kesho yake, alipomaliza kazi, hakurudi nyumbani. Alijibanza nyuma ya mbono. Kwa mwanamke wa umbo lake, hiyo ilikuwa kazi ya imani zaidi kuliko ya kujificha, lakini aliyekuja hakuwa akitazama watu. Alikuwa mkwewe, mke wa dereva, na mwiba mkononi.

"Nani amekutuma?" Mshenga aliuliza.

Mkwe alishtuka, kisha akatulia. "Hakuna, mama. Niliona ya juu umeyaruka, nikawa namalizia."

"Sikuyaruka. Nimeyaacha. Kuacha na kuruka ni vitu viwili, mwanangu. Unataka kuniulia mivanila?"

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Sasa unajua. Tukate."

Wakaanza kukata maganda ya juu, mbono hadi mbono, Mshenga akitangulia na kunung'unika bila kupumzika. Alisema mengi kuhusu vijana, na mengine kuhusu mama mzazi wa mkwe huyo, ambaye hawakuwa wamegombana naye. Mpaka wakafika mstari wa mwisho, ule wa mtaroni.

Alipapasa kichala cha kwanza. Maganda yaliyopinda tu. Cha pili, vivyo hivyo. Akaenda mbono wa pili, wa tatu, akapapasa mpaka mwisho wa mstari na kurudi. Chini hapakuwa na hata ganda moja lililonyooka.

Manung'uniko yakaisha. Mkwe alikuwa akisafisha mwiba wake kwa ncha ya kanga, kazi isiyohitaji muda mrefu vile.

"Hapa tusikate, mama," alisema.

"Hapa tusikate," Mshenga alijibu.

Dereva aliporudi alizunguka shamba lote. Kwenye mstari wa mtaroni akasimama. "Haya mbona yamepinda?"

"Upepo," mkwe alidakia upesi. "Huku kuna upepo sana."

Mshenga angeweza kunyamaza. Upepo usingebisha.

"Si upepo," alisema. "Mstari huu niliuruka wote. Umeozeshwa na mkeo."

Dereva aligeuka akarudi nyumbani. Jioni alitoa kiti kizuri cha sebuleni, akakiweka barazani, akakitilia na mto.

Asubuhi Mshenga alikikalia. Kilikuwa kiti kizuri kweli, na alikichukia kuanzia miguu. Aliisikia harufu ya majani ya matandazo shambani yaliyolowa umande, akajua kuna maua ya mwisho mwisho yamefunguka, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

Mkwe akatoka ndani na miiba miwili mkononi. Mumewe alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mama, mbona umekaa?" mkwe aliuliza. "Mimi naona, lakini sijui la kuacha. Shika bega langu twende."

Dereva akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, kisha akaingiza kiti ndani.