Maua Niliyosema Yatakwisha

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipokaribia, akina mama wa parokia walikuja kwetu kuomba maua ya altare. Dalia zangu zilikuwa bado zimechanua: nyekundu upande wa juu, za njano katikati, nyeupe chini karibu na ukuta wa jirani. Mama mmoja alisema haelewi, kwake dalia zilikwisha tangu mwezi wa tisa. Nikamwambia labda ni udongo. Haukuwa udongo, na nilipomjibu hivyo sikuweza kumtazama usoni.

Bustani hiyo niliitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, upande wa Rughenda, kwenye mteremko, hatua sita kwa nne. Hakuna aliyenifundisha. Nina kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokiokoa kwa mama mmoja aliyekuwa anachana kurasa zake ili kufungia karanga. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na wateja, lakini za dalia zilikuwepo. Kazi yangu ni kuwapigia watu barua na kazi za shule kwenye mashine, na kosa moja likibaki nautoa upya ukurasa mzima, hata mwenye barua akisema inatosha. Bustanini niko vilevile. Mistari niliipima kwa kamba, na shina lililoota nje ya kamba nililihamisha.

Mwezi wa nane mama mkubwa, dada yake mama, alifika kutoka Mbau. Kijiji chao kilikuwa kimekimbia mashambulizi. Wengine walibaki Beni, yeye akaja hadi kwetu Butembo na sufuria moja, kitenge kimoja cha kubadilisha, na mbegu za maharage zilizofungwa kwenye kona ya kitambaa. Siku mbili alikaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akila kidogo sana na kushukuru kupita kiasi. Siku ya tatu alizunguka nyuma ya nyumba, akanikuta na mkasi.

Akaniuliza kama maua yale yana viazi chini. Nikasema ndiyo, lakini sisi hatuvili.

"Basi inajivuna bure," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikamwona anacheka. Kisha akainama, akachukua udongo kidogo, akausaga kwa vidole. "Mutoto yangu, itaisha lini? Nipande maharage yangu hapa. Nikule ya mukono yangu."

"Mwezi wa kumi, mama mukubwa. Livre inasema mwezi wa kumi inakufa, donc tunaitoa."

"Ile livre ilisha kufika Butembo?"

Tulicheka wote wawili. Lakini alilipokea jibu langu kama ahadi, na mimi nilijua, hata nilipokuwa nacheka, kwamba kitabu kilikuwa kinasema habari za baridi ya Ulaya, ile inayounguza majani kwa usiku mmoja. Kwetu baridi hiyo haipo.

Kuna jambo lingine ambalo sikulisema. Kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba ukikata kila ua linaponyauka, kabla halijafanya mbegu, shina litaendelea kutoa mengine. Nilikuwa nimeipigia mstari sentensi hiyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipita na mkasi, nikakata vichwa vyote vilivyolegea. Kwa hiyo nilimwambia mama mkubwa angoje maua yaishe, na kila siku nilifanya kazi ili yasiishe.

Sikuketi nikapanga kumdanganya. Nilijiambia ni usafi wa bustani tu. Mama aliniomba nimpe dada yake hata upande mmoja, wa chini. Nikamjibu kwamba mistari itaharibika, kwamba nyeupe zikitoka zilizobaki zitaonekana kama meno ya mzee. Nikaongeza kwamba parokia inategemea maua yetu. Parokia haikuwa imeniambia hivyo. Akina mama walinisifu mara moja baada ya misa, na mimi sifa moja naweza kuila mwezi mzima.

Mvua ya mwezi wa tisa ikaanza. Majirani walikuwa wanapanda hata kandokando ya barabara. Mama mkubwa alizimwaga mbegu zake kwenye ungo, akachagua zilizoingiwa na fukusi, akazifunga tena zile nzima. Kila alipochagua fungu lilipungua. Akaniuliza kwa mara ya pili.

"Bado inatoa?"

"Bado kidogo, mama mukubwa."

"Mvua inangojea mutu hapana," akasema. Hakuniuliza tena.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi aliukunja mkeka aliokuwa akilalia na kumwambia mama kwamba anarudi Beni, kwa mke wa mwanawe. Kutoka kule wanawake walikuwa wameanza kwenda mashambani Mbau asubuhi, kwa kundi, na kurudi kabla jua halijashuka. Mama alilia, akamkumbusha yaliyomkimbiza. Yeye akajibu taratibu kwamba hawezi kuwa mgeni mpaka kufa. Mimi nilimkatia dalia kumi na mbili, nzuri kuliko zote, nikazifunga na uzi. Alizipokea kwa mikono miwili, akapanda pikipiki nazo, na kile kitambaa cha mbegu kikiwa kiunoni.

Baada ya sikukuu niliacha kukata. Nilitaka kujua. Vichwa vikalegea, vikafanya mbegu, majani ya chini yakawa ya kahawia. Zilichukua wiki tatu tu. Wiki tatu, ambazo ningeweza kuzianza siku ile aliposaga udongo kwa vidole.

Nikazing'oa, kisha nikapanda gari kwenda Beni kumwambia. Nilimkuta uani anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilieleza yote kwa mpangilio, kama nilivyojizoeza njiani: kitabu, mstari nilioupiga, mkasi. Hakusimamisha mikono.

"Niliona," akasema. "Mimi ni mulimaji. Ua likikatwa kila siku, nitakosa kuona?"

"Mbona haukuniambia?"

"Nilikuuliza mara mbili. Mara ya tatu ni kuomba."

Nilimwambia kiwanja sasa kiko wazi, arudi nami kesho. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeleta maji baada ya chakula kuungua. Maharage yake yalikuwa tayari yameota kule Mbau, yanataka palizi. "Nitaiachia nani?" Nikasema basi niende naye nikapalilie. Alikataa kabisa: viatu vyangu na woga wangu vingewachelewesha wenzake.

Asubuhi aliondoka na wanawake tisa, jembe begani. Gari la kurudi Butembo lilikuwa saa nne, lakini sikuweza kupanda kabla ya kumwona amerudi. Nilikaa na mke wa mwanawe. Alifua, akapika, akanyonyesha, na kuanzia saa nane kila kazi aliifanya akiwa ameelekea barabarani. Nilimuuliza kama huwa hivi. Akasema ni kila siku, utazoea. Kisha akasema hapana, mtu hazoei.

Walitokea saa kumi na nusu. Nilihesabu vichwa, nikakosea, nikahesabu tena. Mama mkubwa alikuwa wa mwisho, na mzigo wa kuni.

"Bado uko hapa?" akaniambia. "Utalala tena chini sasa? Hii nyumba iko na kitanda moja."

Nilimtua kuni.

Nimerudi Butembo, na udongo nyuma ya nyumba umelimwa, hauna kitu. Hajasema kama atakuja mvua za mwezi wa tatu, nami sijauliza mara ya pili. Kila saa kumi na nusu naacha mashine, hata katikati ya neno, napiga simu Beni. Mke wa mwanawe hanisalimu, maana anajua ninachotafuta na anajua bei ya uniti. "Amefika," ananiambia, na kukata.