Sentensi Isiyo na Kosa

Juzi nilikuwa kwenye duka la steshenari Chumbageni, nasubiri kutoa kopi. Kando yangu mama mmoja anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne alikuwa akifundishwa msamiati wa Kiingereza na binti muuzaji.

"Temporary ni kitu cha muda tu, kisichodumu," binti alisoma kamusini. "Haya mama, tunga sentensi."

Mama akaandika polepole, kisha akasoma kwa Kiingereza kwamba mumewe ana kazi ya muda Maskati.

"Aliondoka lini?"

"Huu mwaka wa kumi na moja."

Binti akasita na kalamu yake nyekundu. "Basi neno hilo halifai hapo, mama."

"Sarufi ina kosa?"

"Haina."

"Basi nitilie tiki."

Akatia. Nami, ninayelipwa kusahihisha maneno ya watu, nikachukua kopi zangu nikaondoka.