Filimbi kwenye mawe ya mji wa zamani

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi baridi, upepo wa vumbi kutoka upande wa reli, mbingu haina wingu. Mchana jua kali.

Shule yangu iliishia darasa la saba, na nikiogopa huwa nakumbuka mambo vibaya kuliko yalivyokuwa. Kwa hiyo pale ambapo mume wangu aliona tofauti na mimi, nitasema.

Juzi tulitoka kwetu Kalangalala, Geita, kuja kumtembelea wifi yangu hapa Ngokolo, mjini Shinyanga. Leo tulitaka binti yetu auone mji wa zamani, ule uliokuwepo, wanavyosema, kabla Shinyanga haijahamia karibu na reli. Ana miaka sita na huko shuleni amesikia habari za wakoloni. Wifi alitufungia pilau kwenye hotipoti, kuku mzima wa kienyeji na machungwa. Kazi yangu mimi ilikuwa kutafuta mahali pazuri pa kukaa tule.

Ilinishinda karibu saa nzima. Kivuli cha ukuta wa jengo la zamani kilikuwa kizuri, ila nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye ufa. Chini ya mkwaju palikuwa safi, lakini kulikuwa na makaburi mawili pembeni, sikujua kama ni adabu kula pale. Mume wangu akasema mimi hata nikifika peponi nitauliza kwanza kama kuna nyoka. Mwishowe tukapanda kwenye mawe makubwa nje ya mji, mahali penye upepo, mbuga yote inaonekana chini. Aliyepachagua ni mimi. Hilo lazima liandikwe.

Shingoni nilikuwa na filimbi. Nilipika chakula cha wachimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo miaka mitatu, na kule machimboni filimbi ikilia maana yake baruti inawashwa shimoni, kila mtu akimbie mbali. Binti yangu nilimlea kulekule. Nilimfundisha kwamba akisikia filimbi ya mama, aache kila kitu aje alipo mama. Tangu hapo sijaivua.

Nilikuwa natandika mkeka. Nilipoinua kichwa mtoto hayupo. Nikamwita kwa jina, hakuitika. Mume wangu alisema yuko nyuma ya jiwe anachuma furu, yale matunda meusi ya porini, nisubiri. Alikuwa na haki kusema hivyo, maana kweli alikuwa huko. Lakini aliyekaa machimboni akikosa kumwona mtoto haoni kitu kingine ila shimo, lile lililofunikwa na majani, lisilo na mwenyewe. Nikapuliza mara tatu, kwa nguvu zangu zote.

Mtoto akaja mbio, midomo myeusi kwa furu, akakaa kwenye mkeka. Nikacheka. Hotipoti nilikuwa nimeshaifungua.

Ndipo filimbi nyingine ikalia mbali, upande wa kijiji. Kisha ya pili, upande wa mashamba ya pamba. Kisha sauti ya mtu akipiga yowe refu, na nyingine ikimpokea. Mume wangu alisimama. Yeye ni Msukuma wa kuzaliwa, mimi nimeolewa. Alisema taratibu, "Mama, umewaita sungusungu."

Sungusungu ni walinzi wa vijiji vya huku. Filimbi yao ni ya wizi wa ng'ombe au mtu kuuawa. Ikilia, kila mwanamume anaacha jembe anakimbia inakotoka.

Chini yetu, njiani, kulikuwa na mtu mmoja anapita na kiroba mgongoni. Nilikuwa nimemwona tangu mwanzo. Filimbi zilipoanza naye akakimbia, ila alikimbilia kusiko na filimbi, ameinama, mkono kichwani. Nilijua ule mwinamo. Hivyo ndivyo tunavyokimbia baruti. Lakini wale waliokuwa wanatoka mashambani walimwona mtu mwenye mzigo anakimbia filimbi.

Walimkamata kabla hatujashuka. Walikuwa kama ishirini, labda pungufu, hofu huzidisha. Niliona fimbo ikishuka mara moja. Mume wangu anasema mara mbili. Naandika zote. Na ni haki kuandika pia kwamba wiki hii waliibiwa ng'ombe wa mjane mmoja, walituambia wenyewe baadaye, na kwamba kamanda wao, mzee mfupi mwenye koti la mvua, alikuwa anawazuia.

Mume wangu alinishika mkono. Sijui kama ni kunizuia nisiseme au nisianguke. Sijamuuliza. Nilifikiri wakijua ni mimi watatufanya nini, na mtoto yuko juu ya jiwe anatutazama. Nilifikiri pia, na hili naona aibu kuliandika, kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Nilinyamaza. Labda muda wa kumeza mate mara tatu. Katika muda huo ndipo ile fimbo ilishuka, au ile ya pili kama ilikuwepo.

Kisha nikasema, "Shikamoo baba. Filimbi ni yangu. Nilikuwa namwita mtoto."

Wote wakanigeukia. Kamanda hakuniitikia. Nikamweleza kuhusu Mwakitolyo na baruti, kwamba yule naye lazima ni mchimbaji. Mmoja akasema mgeni anamtetea mwenzake wa wizi. Kamanda akaniambia nisimame mbali, nisifungue mdomo tena. Akamwendea yule mtu, aliyekuwa amekaa chini, mdomo umevimba.

"Ukisikia filimbi unafanya nini?"

"Nakimbia, mzee."

"Kwa nini?"

"Baruti."

Walimwaga kiroba. Kulikuwa na suruali mbili zenye udongo, tochi ya kichwani na sabuni. Kisha mtu akacheka, mwingine akapiga mluzi, na nikaanza kulia.

Kamanda ndipo akaniitikia, "Marahaba, mayu," yaani mama. Akasema anayepuliza bure huwalisha waliokimbia, ndiyo sheria yao tangu zamani. Mume wangu akaenda kuleta hotipoti. Kamanda akanitaka nimpakulie kwanza yule mchimbaji, kwa mkono wangu. Nikampa paja. Alitafuna upande mmoja wa mdomo. Nilimwomba msamaha, akajibu kwamba hata yeye angepuliza. Sijui kama alimaanisha.

Waliobaki walikula wamesimama, tonge mojamoja, wakimtania mume wangu kwamba ameoa king'ora. Filimbi kamanda aliivua shingoni mwangu akaitia mfukoni. Alisema nitaipata siku nikija na mbuzi.

Tulipokaribia nyumbani kwa wifi mtoto akauliza, "Mama, sasa utaniitaje?" Nikamwambia nitamwita kwa jina. Ila jina nilishaliita kule kwenye mawe, na hakusikia.

Wifi hakuwa amepika, alijua tumeshiba. Aliuliza kuku alikuwaje, mume wangu akajibu amekwisha wote. Jioni tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha kwa karanga, na chai ya rangi.