Upande Wetu wa Kawaida

Kwa miaka mingi nilijulikana barabarani kwa mdomo. Bodaboda akinipita karibu mno nilimfokea, akibeba abiria watatu nilimsimamisha nikamhubiria. Nikipita na baiskeli yangu pale kijiweni kwao, walinisalimia wote kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya darasa la kwanza, wapate kunicheka vizuri. Sikuwajali. Shuleni mimi ndiye niliyefundisha usalama barabarani, mimi ndiye niliyewapanga watoto mstari mmoja kabla ya kuvuka, na niliamini kwa moyo wote kwamba ajali za Tunduma zinaletwa na watu wasiosikiliza.

Nyani haoni kundule. Ilinichukua siku nne kuelewa methali ambayo nimeifundisha darasani tangu nikiwa binti.

Baiskeli nilijifunzia nyumbani Ibaba, huko Ileje milimani, ambako njia ilikuwa na upande mmoja tu, ule usio na utelezi. Hakuna aliyenipa mtihani. Mwenye gari anatafuta leseni, mwenye pikipiki naye anatafuta, hata kama ni baada ya kukamatwa. Mwenye baiskeli huanguka mara tatu, huchubuka magoti, na kuanzia hapo ni dereva. Ndiyo maana wengi wetu tunaona sheria za barabarani ni za wenye injini, na mwenye baiskeli tunamhesabu pamoja na waendao kwa miguu: apite panapopitika.

Na kwetu panapopitika panaamuliwa na foleni. Asiyeishi hapa ataona nazidisha chumvi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo husimama upande wa kushoto wa barabara, moja nyuma ya jingine, kutoka mpakani mpaka Mpemba ninakoishi, na siku mbaya hupita hata hapo. Madereva hukaa humo siku kadhaa. Wanapika ugali kando ya magurudumu, wanaanika mashati kwenye vioo, wananyoana ndevu. Ule upande wa kushoto si barabara tena, ni mtaa. Kwa hiyo sisi wa kwenda Tunduma, wenye magari, pikipiki na baiskeli, wote tunapita kulia, tukitazamana uso kwa uso na wanaotoka huko. Wanaotoka huko nao wamezoea kutupisha. Tunapigiana honi, tunapungiana mikono, maisha yanaendelea. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kazini kila asubuhi kwa miaka, na sikuwahi kujiona ninavunja kitu.

Siku hiyo nilitoka nyumbani nikakuta barabara tupu. Malori yalikuwa yameruhusiwa kuvuka kwa wingi, na upande wa kushoto ulikuwa mweupe mpaka upeo wa macho, yamebaki mabaka ya oili na majivu ya mkaa. Nilifurahi. Nakumbuka nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikavuka kwenda kulia, kama kawaida, nikaanza kukanyaga pedali.

Karibu na kona ndogo palikuwa na magunia ya mkaa yamepangwa kando ya lami. Niliyazunguka. Upande wa pili wa magunia alikuwa anakuja mwenye pikipiki, hana abiria, mwendo wa wastani, amejibana pembeni kabisa kama kitabu kinavyosema. Alipiga kelele moja fupi, akapinda, akaingia mtaroni na pikipiki yake. Usukani wake uligusa gurudumu langu la mbele, nikaanguka chali.

Watu walijaa kabla vumbi halijatulia. Mimi nilikuwa nimechubuka goti tu. Yeye, mtu wa miaka kama thelathini, alikuwa amekaa mtaroni ameshika mkono wake wa kulia ambao ulikuwa umekaa vibaya. Hakuna aliyemwinua. Mimi niliinuliwa na watu wanne.

"Pole mwalimu. Hawa bodaboda watatumaliza."

"Amemgonga mwalimu, jamani. Mnyang'anyeni ufunguo asije akakimbia."

Na mimi nikafungua kinywa. Sikusema samahani. Nilimwuliza yule mtu, mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile ya darasani, "Wewe hukuniona?"

Akasema, "Nisamehe mwalimu."

Askari wa usalama barabarani alifika, akatazama baiskeli, akatazama pikipiki, akachukua pikipiki. Akatuandikia sote wawili fomu ya polisi ya kupatia matibabu, akaniambia nikapumzike, nitakuja kutoa maelezo nikipata nafuu. Niliambiwa mwenye pikipiki atafikishwa mahakamani Jumatatu kwa kuendesha bila uangalifu, na leseni yake imeshikiliwa.

Jioni nilimsimulia mume wangu. Yeye alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomstaafisha, na anapenda sana kunitania ninapojifanya trafiki. Alinisikiliza akikoroga chai yake, kisha akauliza, "Ulikuwa upande gani?"

"Upande wetu wa kawaida."

"Kulia?"

"Si ndiko tunakopita?"

"Tunapita kulia kwa sababu kushoto kuna malori, mwalimu. Leo malori yalikuwepo?"

Alikunywa chai, wala hakucheka, na hilo liliniumiza kuliko kama angecheka. Akaniambia jambo ambalo madereva wote wanalijua: barabarani kwetu kosa ni la mwenye chombo kikubwa. Lori likigongana na gari dogo, kosa ni la lori. Gari dogo na pikipiki, kosa ni la gari. Pikipiki na baiskeli, hapo huna haja ya kuuliza. "Mimi nilikuwa nikishuka kwenye lori nina kosa tayari," alisema. "Huyo kijana anajua hivyo. Ameshajihukumu."

Nilisema nitakwenda polisi kesho. Kesho sikwenda, goti lilikuwa linauma. Kesho kutwa pia. Ukweli ni kwamba goti lilikuwa limepona, ila nilikuwa naona kile kijiwe, nawaona wanavyoinuka kunisalimia siku watakayojua. Niliogopa kuchekwa. Mtu alikuwa anangoja mahakama na mkono umefungwa bandeji ngumu, nami nilikuwa naogopa kuchekwa.

Siku ya nne, Ijumaa alasiri, mama wa yule mwenye pikipiki alikuja. Alikuwa ametoka Igamba, anakolima kahawa na mahindi, na alikuwa na kaka yake mzee wa kumsindikiza. Mama mwenyewe alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Nilimwahi kwa shikamoo, lakini badala ya kuitikia alichuchumaa mlangoni akapiga makofi taratibu, kama watu wa kwetu wanavyosalimia waliowazidi. Akatoa kuku jike chini ya khanga, amefungwa miguu, akamweka mbele yangu.

"Tumekuja kuomba radhi kwa kosa la mtoto wetu," alisema yule mzee. "Hatukuja mapema, tulikuwa tunamwuguza."

"Nyanyuka mama," nilisema. "Tafadhali nyanyuka."

"Nikinyanyuka kabla hujapokea, nitakuwa sijaomba," alijibu mama.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikampokea kuku. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kumwinua yule mama kutoka chini, nikajiambia hivyo. Walikunywa chai. Walinishukuru kwa moyo wangu mwema. Mama aliniomba nikiona inafaa, nimwambie askari kwamba mwanawe si mlevi. Walipoondoka, mume wangu alimtazama kuku, akanitazama mimi.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "ila yako umeifikisha mpaka Igamba."

Nilivaa viatu. Kituoni nilimkuta askari yule yule. Aliponiona alitoa karatasi, akaniambia nisijisumbue sana, niandike kwa kifupi, kwa kuwa yule bwana ameshakiri kila kitu. Niliandika kwamba nilikuwa naendesha baiskeli upande wa kulia, kinyume cha sheria, wakati upande wa kushoto ulikuwa wazi. Niliandika kwamba mwenye pikipiki alikuwa upande wake na aliingia mtaroni ili asinigonge. Ukurasa wa kwanza niliuchana nikaanza upya.

Askari alisoma mara mbili.

"Mwalimu, una uhakika? Kila mtu anapita pale."

"Ndiyo maana naandika."

"Sasa wewe nikufanyeje? Baiskeli haina hata namba."

"Mimi nina jina," nilimwambia. "Liko hapo chini."

Alikuna kichwa. Mwishowe alinitoza faini ya makosa ya barabarani, akasema jalada litarudi kwa mkubwa wake na pikipiki itatoka. Nilipokuwa naondoka, nilimsikia akimsimulia mwenzake, na mwenzake akicheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kikubwa kama nilivyokiogopa.

Nilimkuta mwenye pikipiki kwenye chumba alichopanga, amekaa mlangoni anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Aliniona akataka kusimama. Nilimwambia akae, nami nikakaa chini ukutani, jambo ambalo lilimtia wasiwasi zaidi. Nikamweleza kila kitu: nilikuwa upande wake, yeye hakuwa na kosa, nimeandika hivyo polisi, na kuku wa mama yake nitamrudisha Igamba mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Punje zilikuwa zinaanguka moja moja kwenye ungo.

"Lakini mimi nimeshaandika kwamba nimekosa," alisema.

"Kwa nini uliandika hivyo? Ulikuwa kushoto. Ulijua uko kushoto."

"Nilijua, mwalimu." Aliutazama mkono wake uliofungwa, kama mtu anayeuhesabia vidole. "Ila nilipokuona unakuja mbele yangu, nikajua ni mwalimu wa barabara, nikasema basi mimi ndiye niliyepotea."