Zidaka Zilizozibwa Jomvu Kuu

Juzi nimekwenda harusi hoteli moja kule Shelly Beach, na wallahi nilitaka kucheka nikashindwa. Ukutani wametoboa zidaka! Vile vishimo vya kuwekea vyombo, vilivyokuwa katika kila nyumba ya maana Jomvu Kuu, leo ndiyo mapambo ya watalii. Kijana wa pale akanieleza ati huo ni mtindo mpya. Nikamwambia, mwanangu, mtindo huo mimi niliuona ukizibwa kwa saruji nikiwa sijang'oka meno ya utoto.

Nyumba ya nyanya, mamake mama, ilikuwa ya chokaa na boriti. Ukiingia ukumbini ulipokewa na harufu ya udi, kisha macho yakaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa zidaka. Humo mlikuwa na sahani za kaure za wazee wake, nyingine zenye maua ya buluu, nyingine zina samaki wekundu. Kila Alhamisi tulizishusha. Nyanya alizisugua kwa limau, mimi nikizikausha kwa kipande cha leso, naye hachoki kunikumbusha, "Taratibu, hizo ni za khaloo wako." Khaloo, mdogo wake mama, alikuwa kitinda mimba, na sahani zilikuwa zikimngoja aolewe. Kwetu biharusi alitolewa mbele ya ukuta uliopambwa kwa vyombo vya kwao. Wakwe wakiangalia, wakajua huyu ana watu.

Majirani nao waliazimana vyombo vya kupambia. Na ilikuwa mwiko kudai. Kilichoazimwa kwa harusi hurudishwa na aliyekichukua, kimeoshwa, wala mwenyewe haulizi. Kuuliza ni kumwita mwenzio mwizi.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mke wa mpishi wa Wazungu huko Changamwe. Lo, mwanamke yule! Mahamri yake yaliumuka, na maneno yake yakiumuka zaidi. Kila jioni alitutembeza kwa mdomo ndani ya nyumba ya bwana wa mumewe: mapazia mpaka chini, viti vya mito, kuta tupu zenye picha moja tu. Nyanya alimsikiliza kwa furaha, kwani alimpenda kama aliyemzaa.

Binti wa jirani alipoolewa, mamake akaja kuazima sahani, nyanya akampa zote. Harusi ikapita. Sahani hazijarudi bado, jirani huyo akaingia, na fundi nyuma yake.

"Mama, zidaka ni mambo ya kale," akasema. "Mende tu hulala humo. Ziba sasa, wakati ziko tupu. Sahani zitakaa kwangu mpaka rangi ikauke."

Nyanya akasita. Lakini khaloo alikuwa akitamani nyumba ya kisasa, akabembeleza mpaka zikazibwa. Ukuta ukapakwa rangi ya maziwa, ikatundikwa picha ya nyumba ya Ulaya iliyofunikwa na theluji. Tukawa tunaitazama huku jasho linatutiririka, tukijiona tumestaarabika.

Rangi ikakauka. Mvua zikaja zikaenda. Sahani hazikurudi.

Ramadhani ikaingia, nikatumwa kwa jirani na bakuli la tambi. Sebuleni kwake nikakuta kabati jipya la vioo, na ndani samaki wetu wekundu. Wageni kutoka kisiwani walikuwa wakizisifu zile sahani, naye akajibu bila hata kupepesa, "Za marehemu bibi yangu hizo." Akaniona nimesimama. Akanipapasa kichwa, akanipa tende.

Nilirudi mbio. Nyanya alinisikiliza, asiache kukoroga uji. "Usiyaseme nje," akasema. "Atazileta. Ni mwanangu yule."

Khaloo alipochumbiwa, Uhuru ulikuwa mlangoni na nyanya alikuwa bado anangoja. Siku ya kumtoa biharusi, wakwe wameshakaa mkekani na ukuta hauna hata chombo kimoja, jirani akaingia na sahani tatu zimefungwa kwa leso.

"Nimekuazimeni mpambie," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ila muziangalie jamani, ni urithi."

Mama akainuka. Nyanya akamshika mkono akamketisha. Kisha akazipokea zile sahani kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mwanangu." Wakwe wakausifu ukarimu wa jirani. Khaloo alikuwa akilia kwa kwikwi, na watu wakasema ni machozi ya biharusi.

Harusi ilipokwisha nyanya akaziosha kwa limau, akaniambia nizirudishe. Nikakataa. Nikamwambia ni zetu, tuzifiche, hata tuzivunje!

"Nimezipokea kwake mbele ya watu," akasema. "Kurudisha ni juu yangu. Yaliyo juu yake ataulizwa na Mungu."

Nikazipeleka. Jirani akazipokea mlangoni, akazigeuza moja moja kwenye mwangaza, aone kama tumezitia ufa.

Nyumba zote mbili hazipo leo, na zile sahani sijui ziliishia kwa nani. Nyanya alifariki hajamsema yule mwanamke kwa ubaya hata mara moja. Kwetu watu humsifu kwa subira ile. Mimi simsifu. Nilitamani siku ile apige kelele mtaa mzima usikie, na mpaka leo, mzee mzima nilivyo, bado natamani.