Meno Mafupi ya Beki wa Kikorea

Siku yangu ya kwanza katika klabu moja ya soka ya Doha nilikabidhiwa spana ndogo, magunia mawili ya jezi chafu na onyo. Mtunza vifaa niliyempokea kazi, Msudani aliyekuwa akirudi kwao, aliniambia kwamba mchezaji akifunga bao hakuna atakayeniuliza, lakini akiteleza nitaulizwa mimi. Nilikuwa nimetoka kulinda mlango wa hoteli huko West Bay, kwa hiyo lawama nilikwisha kuzizoea.

Kazi yenyewe watu huidharau. Mtunza vifaa hafui jezi tu. Njumu zetu zilikuwa na meno ya kufunguliwa kwa spana: marefu kwa uwanja uliolowa, mafupi kwa uwanja mkavu. Anayeamua ni yule aliyezishika nyasi kwa mkono. Wachezaji wengi walinitupia viatu bila kunitazama. Mmoja tu, beki wa kati kutoka Korea, alivipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kwa kuwa nilimzidi miaka kumi na mitano. Aliwasikia Wakenya wenzangu wakiniita Mzee, naye akaniita hivyo hivyo. Nami nikamrudishia heshima yake: njumu zake nilizitengeneza kwanza, mapema kuliko za wote.

Huko kuwahi ndiko kulikoniponza. Alasiri ya mechi moja nilishika nyasi, nikazikuta kavu, nikamfungia meno mafupi. Kisha watu wa uwanja wakamwaga maji mara mbili. Njumu za wengine nikazibadilisha. Zake zilikuwa zimekaa pembeni tayari, nikasahau kuzibadilisha, nikamkabidhi hivyo hivyo. Kipindi cha pili aligeuka kumkaba mshambuliaji, mguu ukateleza, kano ya goti ikakatika. Hakucheza tena.

Meneja wa timu, tuliyemwita mudir, alinipeleka hospitalini na kuuliza mbele ya mgonjwa ni nani aliyechagua meno yale. Kibali changu cha kukaa Qatar kilitegemea neno lake, na kwetu Kakamega nilikuwa na watoto watatu shuleni. Kabla sijafungua mdomo, Mkorea akasema alichagua mwenyewe. Nikanyamaza. Sitaki kuupamba ukimya ule, ulikuwa woga.

Mkorea alirudi klabuni baada ya miaka kadhaa, kwanza kama kocha wa vijana, baadaye kocha mkuu. Akaleta desturi iliyowakera wakongwe: kabla ya mechi kila mchezaji akague njumu zake, na aliye mdogo kuliko wote aanze kutaja kasoro aliyoiona, iwe ya nahodha au yangu. Winga mmoja mgeni aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba nimekosea. Nilinuna wiki nzima, ingawa kweli nilikuwa nimekosea.

Wiki ya kustaafu nilikwenda ofisini kwake, nikafunga mlango. Nikamwambia kwamba meno yale niliyasahau mimi.

"Najua, Mzee," alisema. "Niliyaona uliponikabidhi."

Nikamuuliza kwa nini basi alivaa.

"Wewe ni mkubwa wangu. Nimelelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa. Nikainama, nikavaa. Nilikuchukia miaka mitatu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia nilikuwa na mdomo."

Nililia, na sioni haya kusema. Hakuniambia kwamba yamekwisha, wala sikumwomba aniambie.

Sasa naishi kwa binti yangu, muuguzi hapa hapa Doha. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer, vijana wetu wa ulinzi na wa mahotelini hunizunguka kuniuliza habari za kazi. Husikiliza kwa adabu, wakiitikia kila nisemalo. Naingiwa na hofu. Huwaomba mmoja wao anipinge, na hadi leo hakuna aliyethubutu.