Nilikagua Ukurasa Mtupu

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, niliitwa ofisini kwa Bi Zuhura, nikaenda nikichekacheka, nikidhani naitwa kusifiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa kompyuta katika kliniki ya macho pale Mjini, na kichwa changu kilikuwa kimeizidi kofia.

Bi Zuhura alikuwa mkuu wa kumbukumbu za wagonjwa. Kompyuta hakuzijua sana, ila watu aliwajua. Mimi nilikuwa nimeandika programu ya kwenye seva inayoyapanga majina ya wagonjwa kwenye ukurasa, ili muuguzi aone nani wa kuitwa kupasuliwa mtoto wa jicho. Ukurasa niliupitisha kwenye kikaguzi cha HTML, lugha inayoandikia kurasa za kompyuta, ukatoka safi, nikaubandikia nembo ya kijani. Kila aliyepita nilimwonesha, hata muuza kahawa.

Sasa, kwetu majina hujirudia, unajua mwenyewe. Tulikuwa na Mosi Haji wawili, mmoja wa Fumba, mmoja wa Kizimkazi. Makarani, kwa busara zao, waliwatenganisha kwa lakabu ndani ya alama za kunukuu; huyu wa Kizimkazi wakamwandika Mosi Haji "Pweza", kwa biashara yake. HTML yangu nayo iliyafunga majina kwa alama zizo hizo. Kivinjari kilipofika kwenye alama ya lakabu kikadhani jina limekwisha, kikalikata, wala hakikusema neno. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Muuguzi akaona Mosi Haji mara mbili, akadhani ni mtu mmoja, akamwita wa Fumba tu. Madaktari wageni waliokuja kupasua walikuwa wakiondoka Jumamosi, na asubuhi ile binti wa Bibi Mosi wa Kizimkazi alikuja kuuliza mbona mama yake hakuitwa.

Nilijitetea. Nikasema ukurasa nimeukagua, nembo ile pale. Bi Zuhura hakupandisha sauti.

"Umekagua ukurasa mtupu, mwanangu. Watu hawamo."

Akaniamuru niupitishe kikaguzini ule uliotoka kwenye seva, na majina yake yote. Makosa yakamwagika mstari kwa mstari, nikaona haya mpaka masikio. Nikairekebisha programu iwe inazigeuza alama zilizomo kwenye majina ziwe msimbo usiokata jina, kabla ya kuyatoa. Nikadhani yamekwisha, kumbe bado: akasema radhi haiombwi kwa simu, niende mwenyewe.

Bibi Mosi nilimkuta barazani kwake, jicho moja limeshafunga, la pili lipo njiani. Nikamwamkia, nikamwambia kosa ni langu.

"Marahaba. Nshakusamehe," alisema. "Lakini unipeleke wewe."

Nikampeleka. Ijumaa akapasuliwa, na Jumamosi alipofunguliwa bandeji akanitazama usoni.

"Kumbe u mtoto hivi," akasema.

Nililia mbele za watu. Bi Zuhura angeweza kunifukuza, akachagua kunifunza, na mkate ninaokula hadi leo una mkono wake. Mungu amrehemu.

Basi, mwanangu, kagua kile seva inachokitoa, si kile ulichokikusudia. Kikague kikiwa na majina ya watu, na lakabu zao, na mambo yao yote ya ajabu, na ukigusa programu kagua tena. Kivinjari kikinyamaza usifurahi. Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Mola akujaalie kuliona kosa lako mapema, na pale usipoliona akupe mkubwa wa kukuonesha, kama alivyonipa mimi. Amin.